Sauti ya Inspekta

Ijumaa, 7 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Soma barua hii ukiwa umekaa, maana ukiisoma umesimama na pasi mkononi utaunguza shati la watu, na nyumba ya dobi itakufukuza kwa ajili yangu. Mimi mzima. Mapazia ya chuo cha wauguzi nimeyamaliza juzi, na mgongo unaniuma kwa haki. Lakini sijakuandikia habari za mapazia.

Nimemsikia shemeji yako.

Usiikunje barua. Sijarukwa na akili. Unaikumbuka ile tamthilia ya polisi, ya Inspekta, ambayo marehemu alikuwa akiiwekea sauti wakati sisi bado vijana? Wenyewe huko wanaongea lugha yao, halafu mume wangu anakaa studio anamsemea Inspekta kwa Kiswahili. Miaka sita aliifanya kazi ile, mpaka wauza nyanya wakawa wanampigia saluti. Basi wameitengeneza upya. Inspekta ni mwingine, kijana mwembamba mwenye ndevu za kuchongwa, gari jipya, simu kila mkono. Jirani yangu mkunga ndiye aliyenishtua. Wiki iliyopita, nikimalizia mshono kabla ya kwenda maombini, aliniita kupitia dirishani, akaniambia njoo usikie. Nikaenda na pini mdomoni.

Ni yeye. Ile pumzi anayoivuta kabla ya neno zito, kama mtu anayeinua ndoo. Ule ukavu wa "haya, tuanze mwanzo" akishamkalisha mwizi kitini. Mkunga anasema siku hizi mashine zinachukua kanda za zamani, zinakatakata maneno na kuyaunga upya, marehemu akasema mambo ambayo hakuyasema akiwa hai. Mimi ni mshonaji, kukata na kuunga nakuelewa. Nimekubali.

Shida ni kwamba inaonyeshwa Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni, na saa hiyohiyo kikundi chetu cha maombi kinakutana, na mimi ndiye mwanzisha nyimbo. Jana nilimtumia mwenyekiti salamu kwamba goti limevimba. Goti langu halina kitu. Nilifunga mlango, nikanawa uso, nikapaka manukato ambayo sikuyagusa tangu mazishi, nikakaa mbele ya runinga kama mchumba. Mwanamke wa miaka hamsini na sita.

Na nikuambie yote, maana nikikuficha wewe nitamwambia nani. Si sauti tu. Naifurahia yenyewe. Nafurahi mtu akikimbizwa, nafurahi zaidi akikamatwa, na yule mkuu wao akimfokea Koplo nacheka peke yangu. Mara zote mbili wameingia nyumba yenye giza na tochi zao, swichi iko palepale ukutani, na hakuna hata mmoja anayewasha taa. Nawaambia washeni taa jamani. Hawasikii. Halafu Inspekta akisema neno, namjibu. Jana alimwuliza shahidi umekula, nikasema bado, nakungoja wewe.

Ningekupigia simu ningeshakuambia, lakini tangu ile homa ikuzibe masikio simu haina faida kwako, na zile jumbe za kubonyeza zinaniishia kabla sijafika kwenye jambo. Ndiyo maana nakujazia karatasi.

Yule mtu aliyeko huko kwenu usimwambie. Mtoto wa pekee, baba yake yuko kwenye jeneza, watu mia mbili wanamngoja asome wasifu wa marehemu, na hakutokea. Niliapa siku ile mbele za Mungu kwamba sauti yake haitasikika nyumbani kwangu nikiwa hai. Mwaka wa pili huu, na kiapo nimekishika.

Niombee hilo goti.

Dada yako


Jumatatu, 17 Februari

Dada,

Nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la mashuka, mara mbili, na mara ya pili nimecheka na kulia kwa pamoja mpaka mwenzangu wa pasi ya pili akaniandikia ukutani kwa kidole chenye maji: nani amekufa?

Hapa kazini kuna runinga juu ya kaunta, kwa ajili ya wateja wanaongoja nguo. Hiyo tamthilia naiona. Naiona midomo tu, na midomo yenyewe inasema kitu kingine, maana ni lugha ya kwao. Kwa hiyo mimi siwezi kukuambia nimesikia au sikusikia. Sauti ya shemeji naikumbuka kwa mbao. Alipokuwa akiongea mezani nilikuwa naweka viganja juu ya meza, naisikia ikipita.

Dada, nina swali moja na usinikasirikie. Ikiwa si kanda? Ikiwa ni mtu tu, mtu mzima mwenye pumzi zake, aliyekaa studio? Ungeizima? Nauliza tu.

Pole na goti. Mungu analijua lilivyo.

Mrefu anakusalimu. Najua utauruka mstari huu, ndiyo maana nimeuweka mwisho, usisumbuke kutafuta unapoendelea.

Mdogo wako


Jumatatu, 17 Februari

Mrefu mwanangu,

Nakuachia hii kwa mlinzi wa studio, maana Jumapili ya kuja kwangu ni mbali.

Mama yako anaitazama. Anakusikia kila Alhamisi na anadhani ni baba yako ametolewa kwenye kanda za zamani. Anapaka manukato. Nimemwandikia leo, sikusema uongo na sikusema kweli, na tangu nifunge bahasha sina raha. Nimwambie nini?

Mama mdogo


Alhamisi, 20 Februari

Mama mdogo, shikamoo.

Nimepita hukuwepo, nakusukumia hii chini ya mlango.

Nilisoma karatasi yako ndani ya chumba cha kurekodia na fundi mitambo akadhani nimepata habari ya msiba. Nikamwambia hapana, nimeambiwa mama yangu ananisikiliza. Akasema sasa mbona unalia. Nikamwambia rekodi, tuendelee.

Sikukuelezea vizuri nilivyoipata kazi hii. Nilikwenda pale kutengeneza kiyoyozi. Walikuwa wameshajaribu watu kumi na moja kumsemea Inspekta, wote hawafai. Nikatoka kwenye ngazi yangu, nikamwuliza mzee mmoja choo kiko wapi. Yule mzee, fundi mitambo huyuhuyu, ndiye aliyekuwa akimrekodi baba zamani zile. Aliweka kikombe chini. Aliniambia niulize tena choo kiko wapi. Nimeuliza choo mara sita siku ile, mama mdogo, mpaka nikakisahau chenyewe.

Usimwambie. Nakuomba kwa heshima zote. Kila Alhamisi naingia nyumbani kwetu dakika arobaini na tano, nakaa sebuleni na mama, na hanifukuzi. Kabla ya kila sehemu nafikiria ile sebule ilivyo, meza ya cherehani na dirisha, ndipo naanza. Kama hawezi kunipokea mimi, basi ampokee baba. Mimi nitakuwa mlango tu.

Mwache afurahi.

Mrefu


Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu,

Mungu hadhihakiwi. Sikiliza yaliyonikuta.

Baada ya Alhamisi tano za goti, kikundi kizima kiliamua kuja kuniombea. Hawakuniarifu. Jana saa kumi na mbili na robo nimeshajipamba, nimeshavuta kiti, nasikia wimbo unapanda ngazi. Wanawake tisa. Nikaifunika runinga kwa pazia la mteja, nikakaa, nikaunyosha mguu. Mwenyekiti akanusa hewani, akaniuliza natarajia mgeni? Nikasema ni dawa ya kuchua. Ndipo akapiga magoti, akalishika goti langu kwa mikono miwili, akaanza kumsihi Mungu kwa machozi ya kweli.

Ikafika nusu. Mkunga kule kwake akawasha ya kwake, na ukuta wetu huu unaujua, ni kama karatasi. Mwenyekiti anasema ee Bwana mguse mtumishi wako, na ukutani mume wangu anasema kwa taratibu, ulikuwa wapi saa ile? Mimi macho nimefumba, mdomo unasema amina, na masikio yote mawili yako kwa mkunga. Nililia. Wakadhani ni upako. Wakaniinua nikatembea, wakashangilia, na mimi nikatembea mbele yao kama mtu aliyeponywa, aibu imenijaa mpaka kooni.

Walipoondoka mama mmoja mnene, anayeuza vitabu vya dini, alibaki nyuma mlangoni. Akaninong'oneza kwamba akitoroka kabla ya sala ya mwisho anakuta robo saa ya mwisho kwa dada yake, na je, Koplo amepona ile risasi? Nikamwambia bado yuko wodini. Akasema asante, akashuka ngazi.

Sasa nakuomba kitu. Ulizungumza habari ya mtu mwenye pumzi. Pumzi zile ni za shemeji yako, nimelala nazo miaka thelathini, usinifundishe. Nenda pale studio, uwaombe wanipe nakala ya zile kanda. Kanda yoyote. Hata akiwa anakohoa. Nikiwa nayo sitamwibia Mungu Alhamisi zake, nitasikiliza siku nyingine na kurudi kwenye nyimbo zangu. Wewe ni mpole, ukiandika kwenye kikaratasi watakupa.

Hukusema neno kuhusu manukato, kama ni dhambi.

Dada yako


Jumatano, 26 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Hii usiisome kazini.

Jana wametupa maandishi ya sehemu ya mwisho. Inspekta anakufa. Anapigwa risasi bandarini, gatini, akimsogeza Koplo pembeni, na anakufa taratibu, dakika nne nzima, anaongea. Wao wanaona ni jambo kubwa, kwamba ile ya zamani iliisha na Inspekta anastaafu na kuvua samaki, hii mpya imethubutu. Mimi nimeshindwa. Nimeingia chumbani mara tatu na sauti haitoki. Mzee amewaambia nina mafua.

Nitakuambia kitu ambacho sikumwambia mtu. Siku ya mazishi nilikuja. Nilishuka kituo cha basi saa tatu asubuhi, suti nimeivaa, wasifu wa baba uko mfukoni. Nikasema niusome kwanza kwa sauti nyuma ya choo cha kituo, nisije nikababaika mbele za watu. Nikaanza, "Marehemu alizaliwa." Mama mdogo, aliyesema vile alikuwa baba. Wakati ule wote alipokuwa anaumwa hakuwa na sauti, sote tulishaisahau, na ghafla iko kwenye koo langu, nzima, inatangaza kifo chake mwenyewe. Nikaona mama amekaa mbele, jeneza hapa, halafu mimi nafungua mdomo. Nikasema nitamuua. Nikapanda basi lililokuwa linageuza.

Mama alipopiga simu jioni sikuweza kujieleza, maana kujieleza kulitaka sauti. Nikanyamaza. Akaapa, nikasikia anaapa, nikaendelea kunyamaza.

Sasa wananitaka nimfanye baba afe, na yeye asikie.

Nifanyeje?

Mrefu


Ijumaa, 4 Aprili

Mdogo wangu,

Umekaa kimya wiki tatu na mimi nimeelewa kwamba studio wamekukatalia. Usijali, nitakwenda mwenyewe.

Mkunga amesoma gazetini kwamba Inspekta atauawa sehemu ya mwisho. Nilikuwa napima pazia, nikakata kitambaa cha mtu upana usio wake. Ina maana nikae kwenye kile kiti, nimsikie akikata roho? Alipokuwa anakwenda ya kweli hakuwa na sauti, unajua, koo lilikuwa limefungwa. Aliniangalia tu. Nilimwombea Mungu ampe hata neno moja, na sikupewa. Sasa wao wamwekee maneno ya kufia ambayo si yake, wayaokote huku na huku?

Mchungaji ameniandikia barua ya utambulisho. Jumatano ijayo napanda basi la asubuhi. Nitawaambia mimi ndiye mjane, hiyo sauti ina mwenyewe, wamwache astaafu kama zamani. Wakikataa nitawapigia magoti, na haya sasa yote mawili ni mazima.

Nitalala kwako. Usimwambie mtu.

Dada yako


Jumanne, 8 Aprili

Dada yangu,

Nampa hii dereva wa basi mkononi ikufikie leo. Usipande basi kesho kabla hujaimaliza.

Studio hawakunikatalia, sikwenda. Hakuna kanda. Mzee wa mitambo anasema za zamani zilioza kwenye unyevu, walizitupa siku nyingi. Anayemsemea Inspekta ni Mrefu. Ni mwanao, Dada, tangu sehemu ya kwanza.

Nimejua tangu mwanzo. Uliponiandikia kwamba umemsikia shemeji nilijua umemsikia nani, na nikakuacha. Nilijiambia una furaha na huna hasara. Nilijiambia pia kwamba kiziwi hawezi kuwa shahidi wa sauti. Huo ulikuwa ujanja, nisamehe.

Naambatanisha karatasi aliyoniandikia mwenyewe kuhusu siku ya mazishi. Hakunipa ruhusa, naivunja amana yake kwa sababu nyie wawili mtakufa kila mtu upande wake mkitunziana heshima. Isome. Halafu ukitaka kunikasirikia mimi, nikasirikie, nina mgongo mpana.

Si uongo wote, Dada. Pumzi ulizozisikia ni kweli uliwahi kulala nazo. Alikuwa tumboni mwako.

Mdogo wako


Jumatano, 30 Aprili

Dada,

Hukuja, na hukuandika. Mkunga amenijulisha kwamba u mzima, kwamba cherehani inasikika mchana kutwa, na runinga umeigeuza imetazama ukuta. Mwenyekiti wenu anasema umerudi kwenye nyimbo.

Mrefu anajua kwamba nimekuambia. Hakunigombeza. Aliandika tu, "Sasa hanisikii tena," akaenda zake. Sehemu ya mwisho ameirekodi Jumatatu. Alipotoka, mzee wa mitambo alimshika mkono mpaka getini kama mtu anayemvusha kipofu.

Itaonyeshwa tarehe kumi na tano Mei.

Mdogo wako


Ijumaa, 16 Mei

Mrefu,

Sijaliandika jina hili tangu mwaka juzi na kalamu imesimama.

Wiki tano sikuwasha. Sikuwa na hasira nawe, nataka ujue, ingawa nilijaribu kuwa nayo. Nilikuwa na msiba. Mama yako mdogo aliponiandikia, baba yako alitoka kwenye kiti changu mara ya pili, na safari hii hapakuwa na watu wa kuja kunipa pole. Ningewaambia nini? Nililia kwenye vitambaa vya wateja.

Karatasi yako ya kituo cha basi niliisoma nikaiweka ndani ya Biblia, nikaitoa, nikaisoma tena. Hujaniua, mwanangu. Ungeusoma ule wasifu ningeanguka, hilo ni kweli, na wangeniinua. Mia mbili walikuwepo wa kuniinua.

Nilimwendea mchungaji kuhusu kiapo. Aliniuliza Mungu aliniomba niape? Alhamisi ya wiki iliyopita nikasimama kwenye kikundi nikakiri yote, goti, manukato na wewe. Mwenyekiti alinuna kidogo kuhusu goti. Kuhusu wewe alinishika mabega tu.

Jana niliigeuza runinga. Mkunga alitaka kuja, nikamwambia niache. Nilikaa kusikiliza kama ninavyokagua mshono wa mtu mwingine, nikitafuta pale ulipoungia. Mwanzo mpaka katikati sikuuona. Ulikuwa baba yako mtupu. Halafu akapigwa risasi, akaanguka pale gatini, ukaanza kusema, na nikasikia. Baba yako hakuwahi kutetemeka studio, alijisifu kwa hilo. Aliyekuwa chini pale jana alitetemeka. Alisema "nina baridi" na nikakujua, vile ulivyokuwa ukiniita bafuni ukiwa na sabuni machoni, unaogopa na hutaki nijue unaogopa.

Niliinuka kwenye kiti. Niliweka mkono kwenye kioo. Nilimsikiliza mwanangu akifa dakika nne, na yeye ni mzima, yuko mji wa pili, na mimi ndiye niliyemzika.

Njoo nyumbani. Sijui nitafanyaje ukifungua mdomo, sitakudanganya. Lakini njoo.

Mama yako


Jumanne, 10 Juni

Mdogo wangu,

Amekuja na ameondoka. Ijumaa mpaka jana.

Nilikwisha kujiandaa. Nilijiambia akigonga nitakuwa nimekaa, nisianguke. Hakugonga, alikwaruza mlango kwa kucha kama paka. Nikafungua. Amekonda, na ameota mvi mbili hapa juu ya sikio, umri wa miaka thelathini na moja. Akainama mpaka masikio yetu yakawa sawa, na akanisalimu kwa kunong'ona.

Nilielewa mara moja. Kwenye mnong'ono hamna sauti ya mtu, hamna ya baba wala ya nani, ni hewa tu na maneno. Nami nikamjibu hivyohivyo. Basi tukakaa siku nne nyumba nzima tunanong'ona, kama watu wenye mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Amenong'ona habari za viyoyozi. Amenong'ona kuhusu msichana mmoja wa duka la miwani ambaye hajamwambia kitu. Ametengeneza feni. Mkunga alikuja kusalimia, akatukuta, naye akaanza kunong'ona bila kujua kwa nini, mpaka akaondoka anatembea kwa vidole. Tulicheka. Kucheka pia kwa kunong'ona, mpaka mbavu zikauma.

Jumapili jioni alinisomea wasifu. Mimi ndiye niliyemwomba. Alikaa kwenye mkeka miguuni pangu na kunong'ona yote, kuzaliwa, kuoa, miaka sita ya Inspekta, ugonjwa, mpaka mstari wa mwisho wenye jina lake yeye kama mtoto aliyebaki. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyelia. Nilihisi tumemzika vizuri, sasa tu.

Nikakosea kufurahi mapema.

Jana nikamsindikiza kituoni. Nilikuwa nimemwambia njiani kwamba wiki ijayo akija aongee tu, nimezoea, nimepona. Alinitazama, akatikisa kichwa kukubali. Akapanda, akakaa dirishani. Injini ikanguruma, basi likaanza kusogea, na watu kelele pande zote, mnong'ono usingefika. Akatoa kichwa nje, akasahau au aliamua, sijui. Akasema kwa sauti yake kamili, "Mama, rudi kivulini, jua kali."

Niligeuka nyuma, mdogo wangu. Niligeuka upesi, na uso wangu umeshafurahi, kumtazama baba yake alikuwa amesimama wapi.

Alikuwa mwanamke anauza karanga tu pale nyuma yangu.

Nilipomrudia mtoto, alikuwa bado ananitazama. Aliona uso wangu wote, ulivyogeuka na ulivyorudi. Akatabasamu, nami nikatabasamu. Akaingiza kichwa ndani taratibu, akavuta kioo, akakifunga. Basi likakata kona.

Nimesimama pale muda mrefu juani.

Tangu asubuhi nimeanza kumwandikia mara tatu na sijapita salamu. Jumapili akija kwako mtazame kwanza kabla hajashika kalamu, halafu unijibu: amefika salama?

Dada yako